Michezo ya Video ya Leseni kama Utanzu wa Usimulizi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Vibanda vya Gemu vya Njoro, Moshi

Ikisiri

Michezo ya video inayotengenezwa kwa leseni, yaani ile inayotokana na filamu, vitabu, ligi za soka na kazi nyingine zenye wamiliki, imezoeleka kuonwa kuwa bidhaa za matangazo zisizo na thamani ya kisanaa. Makala hii inafafanua chanzo cha mtazamo huo na kuonesha upungufu wake. Mifano inayochunguzwa ni The Lion King (1994), GoldenEye 007 (1997) na michezo ya soka inayochezwa katika vibanda vya gemu. Hoja kuu ni kwamba leseni ni kaida inayombana mtunzi kama arudhi inavyombana mshairi. Kwa hiyo kazi ya namna hii ihakikiwe kwa kuangalia kile ambacho mtunzi alikifanya ndani ya mipaka hiyo.

1.0 Utangulizi

Njoro ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro. Katika mitaa yake, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania, hupatikana vibanda ambamo vijana na watoto hulipia kucheza gemu kwa mechi au kwa muda. Kinachochezwa humo kwa wingi ni soka. Mchezaji hushika pedi, huchagua Arsenal au Real Madrid, na kwa dakika chache hutawala jina ambalo kisheria si lake, si la mwenye kibanda, wala si la kampuni iliyotengeneza mchezo. Jina hilo limekodishwa. Nembo, jezi, uwanja na hata sura ya mshambuliaji vimo ndani ya mchezo kwa sababu upo mkataba ulioruhusu viwemo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini linagusa swali ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalishughulikia vya kutosha: je, kazi iliyojengwa juu ya mali ya mtu mwingine, kwa ruhusa na kwa malipo, yaweza kuhesabiwa kuwa kazi kamili ya sanaa? Kwa upande wa fasihi andishi, jibu lilikwishapatikana zamani. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo wa Pate na mwaka 1728, umejengwa juu ya masimulizi ya Kiarabu kuhusu vita baina ya Waislamu na Wabizanti, na hakuna mhakiki anayeuona kuwa kazi ya daraja la pili kwa sababu hiyo. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi (1969), neno hilo moja, mabepari, lilitosha kuipa tamthilia ya zamani ya Uingereza maana mpya katika Tanzania ya Azimio la Arusha. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, amelinganishwa mara nyingi na Sherlock Holmes, na ulinganishi huo haujamshusha hadhi mwandishi. Dhana ya mwingilianomatini, iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, imetumika sana katika tasnifu za Kiswahili kuhalalisha uhusiano wa namna hii.

Zaidi ya hayo, wataalamu wa utamaduni wa Afrika Mashariki wamewapa heshima inayostahili wasimulizi wa filamu za kigeni, akiwemo Derek Gaspar Mukandala aliyefahamika kwa jina la Lufufu, ambaye aliweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong, India na Marekani. Kazi zile hazikuwa na leseni. Hapa pana kinyume kinachopaswa kutajwa: anayeichukua kazi ya mwingine bila ruhusa husifiwa kuwa mbunifu, ilhali anayeichukua kwa mkataba hushukiwa kuwa mfanyabiashara tu. Msimamo huo wa pande mbili hauna msingi wa kinadharia. Lufufu alistahili sifa kwa alichokifanya na sauti yake, wala si kwa kukosa karatasi ya ruhusa; vivyo hivyo, mtengenezaji wa mchezo asinyimwe sifa kwa kuwa nayo.

2.0 Chanzo cha Dharau

Dharau dhidi ya michezo ya leseni ina historia, na si yote ni uzushi. Mfano unaotajwa kila mara ni E.T. the Extra-Terrestrial, uliotengenezwa mwaka 1982 na kampuni ya Atari kutokana na filamu ya Steven Spielberg ya mwaka huohuo. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takribani wiki tano ili mchezo uwahi msimu wa Krismasi. Nakala nyingi hazikuuzika, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za Atari ilifukiwa katika dampo la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 dampo hilo lilichimbuliwa na nakala za mchezo huo zikaonekana miongoni mwa vitu vilivyotolewa.

Kisa hiki kimegeuka kuwa hekaya, na kama hekaya nyingi, kimefunika sababu kwa matokeo. Kilichouangusha mchezo wa E.T. ni muda. Warshaw huyohuyo alikuwa ametoka kutengeneza Raiders of the Lost Ark (1982), nao pia ni mchezo wa leseni uliotokana na filamu ya Spielberg, akiwa na miezi kadhaa badala ya wiki kadhaa, na mchezo huo ulipokewa vizuri. Mtunzi alikuwa mmoja, kampuni moja, aina ya chanzo moja. Kilichotofautiana ni kalenda. Tangu hapo michezo mingi ya filamu imelazimika kutoka siku zilezile ambazo filamu yake iko kwenye majumba ya sinema, na mingi imetoka mibovu. Ubovu huo ni halisi, lakini unapaswa kuandikwa katika hesabu ya ratiba ya biashara. Anayeuandika katika hesabu ya leseni anachanganya mambo mawili yanayotembea pamoja bila kuzaana.

3.0 Leseni kama Arudhi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania inampa mtunzi haki ya pekee ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, itafsiriwe na irekebishwe. Leseni ni tamko la ruhusa hiyo. Mwenye haki hubaki na haki yake. Mwenye leseni hupata nafasi ya kutenda jambo fulani, kwa muda fulani, kwa masharti fulani. Katika michezo ya video masharti hayo huwa mazito: mhusika asifanye jambo linalomvunjia heshima, rangi ya vazi isibadilike, kila hatua ipitiwe na mmiliki kabla ya kutoka.

Wapo wanaouona ukali huo kuwa ndio kifo cha ubunifu. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ana sababu ya kusita kabla ya kukubali. Mshairi wa tarbia huingia katika shairi akijua kwamba kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kwamba vina vya kati na vya mwisho vinamsubiri. Hakuchagua kaida hizo, alizikuta. Mhakiki haulizi kwa nini mshairi alifungwa, bali huangalia alivyotembea akiwa amefungwa. Ikumbukwe pia kwamba mjadala wa wanajadi na wanausasa uliotikisa ushairi wa Kiswahili tangu miaka ya 1960 haukuthibitisha kwamba kaida huua shairi, wala kwamba kuziacha hulifufua. Yapo mashairi mabovu ya pande zote mbili.

Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu nadharia ya uhamishaji wa kazi kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, anatofautisha namna tatu za kuihusisha hadhira na hadithi: kuisimulia, kuionesha, na kumshirikisha mtu kwa kutenda. Riwaya husimulia, filamu huonesha, mchezo wa video humtaka mtu atende. Kwa hiyo kipimo cha mchezo uliotokana na filamu hakiwezi kuwa kiasi cha filamu kilichobaki ndani yake. Swali la msingi ni hili: kilichokuwa kikitazamwa kimegeuzwaje kuwa kitendo?

4.0 Simba Mdogo, Simba Mkubwa

Mchezo wa The Lion King ulitengenezwa na studio ya Westwood na kutolewa mwaka 1994, mwaka uleule wa filamu ya Disney. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kazi hii ina ukaribu wa aina yake. Waandaaji wa filamu walitembelea Kenya, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kutafuta mandhari. Wahusika wanaitwa Simba na Rafiki. Na katika dakika za mwanzo huonekana mlima wenye theluji ambao mkazi yeyote wa Moshi angeutaja kwa jina bila kuulizwa.

Katika filamu, Simba hukua ndani ya wimbo. Huanza kuvuka gogo akiwa mtoto na kumaliza akiwa na manyoya shingoni. Miaka kadhaa hupita kwa sekunde chache na mtazamaji huambiwa tu kwamba imepita. Watengenezaji wa mchezo hawakuweza kuitumia mbinu hiyo, kwa kuwa mchezaji hakai kutazama. Walichofanya ni kuyaweka makuzi ndani ya pedi. Katika nusu ya kwanza ya mchezo Simba ni mtoto: huruka, hubingiria, na hunguruma kwa sauti isiyomtisha mtu. Akikutana na fisi hana nguvu ya kumpiga. Hana budi kumkwepa hadi fisi achoke, ndipo amrukie. Katika nusu ya pili, vitufe vilevile vinazaa vitendo vingine. Simba sasa ana makucha na anaweza kumshika adui na kumrusha. Fisi aliyekuwa tishio anakuwa kikwazo cha kawaida.

Maana ya badiliko hili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Udhaifu wa utoto, ambao filamu inauonesha kwa huruma, hapa unakuwa udhaifu wa mchezaji mwenyewe, nao unadumu kwa muda mrefu kiasi cha kuudhi. Nguvu inapokuja, inahisiwa na vidole kabla ya kuelezwa na hadithi. Na katika pambano la mwisho juu ya mwamba, Scar hamalizwi kwa makucha. Ni lazima arushwe, yaani mchezaji atumie kitendo ambacho mtoto Simba hakuwa nacho. Huu ni usomaji wa filamu, na ni usomaji makini.

Mchezo huu hauna ukamilifu. Hatua yake ya pili inajulikana kwa ugumu usiolingana na umri wa hadhira yake. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, ameeleza baadaye kwamba ugumu wa hatua za mwanzo uliongezwa kwa matakwa ya Disney, ili mtu aliyeukodi mchezo asiumalize kabla ya siku ya kuurudisha dukani. Hapa mkono wa mmiliki unaonekana wazi, na unaonekana mahali pabaya. Mwenye kibanda anayelipisha kwa muda angeielewa hesabu hiyo mara moja.

5.0 Bwawa la GoldenEye

GoldenEye 007 ulitengenezwa na studio ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Filamu yake ilitoka Novemba 1995. Mchezo ulitoka Agosti 1997. Kwa kipimo cha matangazo, ulichelewa kupita kiasi. Kwa kipimo cha kazi, kuchelewa huko ndiko kulikouokoa, na mchezo uliuza nakala zaidi ya milioni 8.

Filamu inaanza kwa James Bond kukimbia juu ya bwawa na kujirusha akiwa amefungwa kamba. Tukio hilo ni la muda mfupi. Rare walilichukua bwawa hilohilo wakalifanya kuwa hatua nzima ya kwanza: barabara, minara ya walinzi, lori, geti, vyumba vya chini, na mwishoni kabisa ule mruko. Yaani picha ambayo mtazamaji aliipokea bure, mchezaji anailipia kwa jasho. Aidha, mchezaji akichagua kiwango kigumu zaidi, haongezewi maadui wenye nguvu tu bali huongezewa majukumu: kuharibu king'ora, kuiba taarifa, kutega kifaa. Hivyo ugumu unamsogeza karibu na tabia ya mhusika, kwa sababu jasusi ni mtu mwenye kazi ya kufanya, si mtu mwenye bunduki pekee. Walinzi husikia mlio wa risasi na kuja. Anayetembea kimya hufika mbali. Michezo ya risasi iliyofuata kwenye mashine za nyumbani ilijifunza mengi kutoka kwa kazi hii, na mengi kati ya hayo yalizaliwa kutokana na haja ya kumtendea haki mhusika wa kukodi.

Mifano mingine ipo na haihitaji kurefushwa hapa. The Chronicles of Riddick: Escape from Butcher Bay (2004) ulisifiwa kuliko filamu iliyotoka nao mwaka huo. Spider-Man 2 (2004) ulifanya utando ushike kwenye majengo halisi ya mji wa mchezo, hivyo kuruka angani kukawa ujuzi wa kujifunza. Batman: Arkham Asylum (2009) haukufungwa kwenye filamu yoyote, na nafasi hiyo inaonekana katika kila ukumbi wake.

6.0 Majina ya Kukodi Vibandani

Soka linaleta swali lenyewe katika umbo lake gumu zaidi, kwa kuwa hapa chanzo si hadithi iliyotungwa. Mchezo wa kwanza wa EA wenye jina la FIFA ulitoka mwaka 1993 ukiwa na leseni ya jina la shirikisho lakini bila majina halisi ya wachezaji. Majina hayo yalikuja miaka michache baadaye kupitia mkataba na chama cha wachezaji wa kulipwa, FIFPro. Upande wa pili, kampuni ya Konami ya Japani ilikuwa na mchezo ambao wachezaji wengi wa vibandani waliuona kuwa bora kwa mwendo wa mpira, Pro Evolution Soccer, lakini ulikosa leseni nyingi. Chelsea iliitwa London FC. Manchester City iliitwa Man Blue. Katika toleo mojawapo la awali, beki wa kushoto wa Brazil aliitwa Roberto Larcos.

Mtu angeweza kusema kwamba hali hiyo inaivunja hoja ya makala hii: mchezo usio na leseni ulipendwa, basi leseni haina uzito. Lakini kilichofuata kinaonesha vingine. Wachezaji wenyewe, duniani kote, walikaa usiku kucha wakirekebisha majina, wakichora nembo na kupaka jezi rangi, kisha wakasambaziana mafaili. Mtu hafanyi kazi ya bure kiasi hicho kwa ajili ya pambo. Jina la klabu hubeba kumbukumbu: fainali iliyopotezwa, baba aliyeshabikia, ubishi wa jana kwenye daladala. Mchezo wa soka usio na majina una kanuni. Ukiwa na majina una hadithi. Ndiyo maana si ajabu kusikia kijana wa kibandani akitangaza mechi kwa Kiswahili juu ya sauti ya mtangazaji wa Kiingereza anayetoka kwenye runinga, akiunganisha pasi ya kwenye skrini na historia anayoijua. Mkataba wa EA na FIFA ulipofika mwisho na mchezo kuitwa EA Sports FC kuanzia mwaka 2023, klabu na wachezaji walibaki. Kilichoondoka ni jina la shirikisho, ambalo vijana wengi wanaendelea kulitumia kana kwamba halikuondoka.

Leseni pia huamua nani aonekane. Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliweza kuchezewa kwa jina lake ndani ya mchezo kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa imekodishwa. Alifika humo kwa njia ya Birmingham. Ligi Kuu ya Tanzania haimo, na kijana wa Njoro anayetaka kuichezesha Simba dhidi ya Yanga hutegemea mafaili yaliyotengenezwa na mashabiki nje ya mkataba wowote. Kutokuwemo huku hakuelezwi na ubora wa soka pekee. Kunaelezwa na nani amekaa mezani na nani.

7.0 Sifa Zimwendee Nani

Kusema kwamba michezo ya leseni inastahili kuthaminiwa si kusema kwamba wamiliki wa leseni wanastahili kutetewa. Tofauti hii ni ya lazima, na hakuna mfano unaoieleza vizuri kuliko maneno mawili ya Kiswahili. Disney iliomba nchini Marekani alama ya biashara ya maneno hakuna matata kwa ajili ya nguo mwaka 1994, na alama hiyo ikasajiliwa mwaka 2003. Maneno hayo yalikuwa yamekwishazunguka Afrika Mashariki, na bendi ya Kenya ya Them Mushrooms ilikuwa imeyaweka katika wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la mtandaoni la kuitaka kampuni iiachie alama hiyo, na watu wengi walilitia saini. Kisheria, alama ya biashara haimzuii mtu kuyatamka maneno. Haimzuii mpagazi wa Kilimanjaro kuwaambia wageni wake, ambao ndio hasa huambiwa maneno hayo, kwa kuwa wenyeji kwa wenyeji husema hamna shida. Hata hivyo, inabaki kwamba aliyeyakuta maneno barabarani sasa anaweza kuyakodisha.

Kwa hiyo The Lion King inapaswa kusomwa mara mbili. Watunzi wa Westwood walikodi hadithi na kuifanyia kazi ya kisanaa inayostahili kutajwa katika tasnifu. Mmiliki aliyewakodisha alikuwa ameokota sehemu ya mali hiyo mahali ambapo hakuna aliyemwomba leseni. Uhakiki unaoishia kwenye hukumu ya pili huwanyima mafundi haki yao. Unaoishia kwenye ya kwanza husahau lugha ilitoka wapi.

Mambo haya hayatabaki kuwa ya Marekani na Japani tu. Sheria ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Studio ya Moshi au ya Dar es Salaam itakayotaka kutengeneza gemu ya Bwana Msa kabla muda huo haujaisha italazimika kwenda kwa wenye haki na kuomba leseni, kama Rare walivyofanya kwa James Bond. Itakabidhiwa kiko, Najum wa kumsindikiza, na mzimu ambao msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) anaujua tayari. Atakayeihakiki kazi hiyo atakuta kwamba mpelelezi huyu hutatua mambo kwa kukaa kimya na kufikiri, na kwamba kukaa kimya na kufikiri ni kitendo kigumu sana kukiweka kwenye kitufe.